Nilinunua nyumba Mwabungo, minazi ya uwanjani ikawa ya jirani

Wakuu, asalaam aleikum na Bwana asifiwe, kila mtu achukue yake. Ninayoyaleta hapa yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Kama kuna mtu wa Mwabungo humu ndani atacheka, maana huenda alikuwepo.

Juzi kuna mtu aliuliza afanye nini kabla hajanunua nyumba yake ya kwanza huku South Coast. Mkamjibu: search ya hati ofisi ya ardhi, wakili, surveyor. Sawa kabisa. Mimi nilifanya yote hayo, na bado niliaibika mbele ya sufuria ya mbaazi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja Diani. Wazazi wangu ni Wakamba waliokuja kulima upande wa Kikoneni, kwenye ardhi ya skimu ya serikali. Kule kwetu ukipewa shamba umepewa pamoja na chungu waliomo. Mwembe ukiwa ndani ya mpaka ni wako, hakuna mjadala.

Nilipanga chumba Ukunda miaka na miaka, nikijinyima. Sababu ni mama. Baba alishatangulia, magoti ya mama yamegoma, na kule shambani amebaki na kuku tu. Nilimwahidi nyumba yenye chumba chake na choo cha ndani.

Basi nikapata nyumba Mwabungo. Vyumba viwili, bati zuri, kisima, na uwanja wa kutosha kumwongezea mama chumba. Muuzaji, Bwana Bakari, anaishi Mombasa, na nyumba aliirithi kwa babake. Title safi, search safi, surveyor akanionyesha beacon zote nne za mpaka. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Uwanjani kulikuwa na minazi mitatu. Nikaichukulia kama nyongeza.

Kosa langu liko hapo, lakini twendeni pole pole.

Wiki ya pili niko off, nachemsha chai, nikasikia nazi zinaanguka nje. Pu! Pu! Kutoka, namkuta mwanamume yuko juu ya mnazi anaangua kwa raha zake, na wimbo anaimba.

Nikapiga kelele, "Mwizi! Shuka!"

Akanitazama kutoka kule juu. "Hujambo jirani? Karibu sana Mwabungo."

Wakuu, mwizi gani anakukaribisha?

"Nani amekutuma?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Wewe ni mwenye nyumba, kaka. Minazi ni ya Bi Mwanamisi. Hebu sogea kidogo, nisije nikakupasua kichwa."

Nikasogea. Ningefanyaje?

Huyo Bi Mwanamisi ni jirani yangu wa nyumba ya pili, anauza mbaazi za nazi na mahamri. Marehemu mumewe ndiye aliyeipanda ile minazi, kwa ruhusa ya babake Bakari. Huku pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu na miti ikawa ya mwingine. Aliyepanda ndiye mwenyewe, na watu wake hurithi. Mtaa mzima unajua hivyo.

Nikampigia Bakari. Akanijibu bila wasiwasi, "Ah, hiyo minazi? Si hukuniuliza."

Yarabi! Nilichemka. Nikamwendea wakili, akaniambia kisheria mti ulioota kwenye ploti huenda na ploti. Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nikamwita fundi wa power saw aje akate yote mitatu, nione nani atanifanya nini.

Asubuhi fundi amefika, Bi Mwanamisi naye huyo. Hakutukana, hakulia. Aliweka kigoda chake kwenye shina la mnazi, akatua sufuria ya mbaazi na beseni la mahamri, akaanza kuuza.

Wateja wakamfuata huko huko. Watoto wa shule, watu wa boda, akina mama na bakuli zao. Uwanja wangu ukageuka mkahawa. Fundi wangu mwenyewe akaweka mashine chini, akanunua mahamri manne. "Boss, acha kwanza nile."

Nikamkabili. "Mama, huu uwanja ni wangu."

"Hujaniamkia, mwanangu."

Watu wote wakanitazama na mahamri mdomoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya kata, mimi nimekaa tu."

Nikatafuta pembe nikampigia mama, nikitegemea ataniunga mkono. Nikamsimulia yote, na wakili nikamtaja. Akaniuliza:

"Wewe ukienda kazini, mimi humo nitaongea na nani? Na power saw? Hicho chumba sikitaki. Bora nibaki na kuku wangu."

Akakata simu. Wakuu, nilijiona mdogo sana. Nyumba nimeinunua kwa ajili yake, na yeye haji.

Fundi nikamrudisha kwake. Alasiri nikaenda kwa Bi Mwanamisi, nikavua viatu, nikaomba radhi. Nikamweleza habari za chumba na magoti ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huo wa karibu na ukuta ndio unaokuzuia?"

"Ndio huo."

"Umezeeka, hauzai cha maana. Hiyo miwili ndiyo tui langu la kila siku. Ungeniuliza ningekwambia ukate huo mmoja, na makuti uchukue."

Swali moja tu, wakuu! Nilikwenda kwa surveyor, kwa wakili, kwa fundi, kote huko nimekwenda. Kwa jirani sikwenda.

Tukaandikiana mbele ya mzee wa mtaa. Mmoja niukate, nimlipe kama desturi ilivyo. Miwili ni yake, na ana haki ya kuingia kuangua. Wakili alipoisoma ile karatasi alicheka, kisha akaniambia niitunze vizuri.

Chumba kilipokwisha kujengwa mama akaja, akakipenda.

Mwezi uliopita nilikuwa shifti ya asubuhi. Mama akateleza bafuni, simu iko kitandani, hawezi kuinuka. Bahati nzuri Bi Mwanamisi alikuwa ameingia uwanjani na mkwezi wake kuangua nazi, akasikia mtu anaita kwa sauti ya chini. Wakambeba wakamtia kwenye tuktuk mpaka hospitali, Msambweni.

Waliponipigia simu nilifika mbio. Mama mkono umefungwa, mdomo umejaa mahamri, yeye na Bi Mwanamisi wananisengenya huku wanacheka. Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Kwa hivyo wewe unayetaka kununua, search fanya, wakili tafuta. Lakini kabla hujalipa, shinda asubuhi moja na majirani. Uliza minazi ni ya nani, njia wanapita nani, kisimani huteka nani. Hayo kwenye search hayamo. Na uamkie watu, jamani.

Mlionunua Kinondo, Galu na Msambweni, nyinyi mlikuta nini uwanjani? Tupeni visa. Na mnaotaka kuniambia nilikuwa mjinga, pangeni foleni nyuma ya mama.