Bendera ya Njano Haikuinuliwa

Mama Bendera hakujipa jina hilo; alipewa na madereva, nalo likamganda. Siku za kazi hushona viti vya magari katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake, vumbi la sponji likimjaa hadi kwenye nyusi. Jumapili hupanda kibanda cha mbao kando ya uwanja wa mbio, akasimama na bendera zake. Aliwahi kumtimua humo mfadhili mzima aliyepanda kupiga picha, kwa hiyo asitokee mtu wa kumwonea huruma mapema.

Jumapili hiyo ilikuwa fainali. Mshindi angechukuliwa na timu kubwa, na kifungua mimba wa Mama Bendera alikuwa akishika nafasi ya pili. Aliyeongoza ni binti mmoja, fundi wa kupaka magari rangi, naye alishawaacha wenzake mbali mno. Hapakuwa na purukushani yoyote. Watazamaji walianza kuchezea simu zao.

Redio ya kibandani ikakoroma. Alikuwa mwandaaji wa mashindano.

"Mama, inua ya njano."

Njano maana yake hatari: magari yote hupunguza mwendo, hufuatana nyuma ya gari la usalama, na pengo lote alilolitolea jasho yule wa mbele huyeyuka.

"Kwani nani kagonga?"

"Hakuna aliyegonga. Watu wanasinzia huku! Wakaribiane kidogo, tupate fainali ya maana."

"Njano ni ya hatari, bosi. Hatari iko wapi?"

"Hatari ni majukwaa matupu msimu ujao."

"Hiyo haina bendera."

Sauti ikalainika. "Si mwanao huyo wa pili? Nakupa bahati, mama, wewe unaipiga teke."

Hapo alimchoma. Alitaka mwanawe ashinde, na mkono ulikwisha kushika mpini wa bendera. Akautazama mkono huo kwa hasira kana kwamba ni wa mwizi. Chini yake binti alipita tena, peke yake, akiikata kona bila kuyumba hata kidogo. Nani kasema hilo si la kutazamwa? Wasioona utamu wake wajifunze kutazama. Asiadhibiwe anayejua kuendesha!

"Siinui," alisema. "Ukitaka maigizo, tafuta waigizaji."

"Basi ukishuka hapo usirudi tena."

"Nitashuka mbio zikiisha."

Na kweli zikaisha, binti wa kwanza, mwanawe wa pili kwa mbali.

Habari zilimfikia kijana kabla hajavua glavu. Alimkuta mama yake akikunja bendera.

"Mama, ni kweli ulikataa?"

"Kweli."

"Timu ile, mama! Si ungenisaidia tu!"

"Kukusaidia au kukubeba? Nafasi ya pili ni yako, hukupewa na mtu. Hiyo ya kwanza ingekuwa yangu."

Kijana akasonya, akaketi kwenye ngazi, akasimama, akaketi tena. Mama hakumbembeleza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshamwaga unga, na hakuna aliyempa pole.

"Nilikuwa naachwa wapi?" kijana akauliza hatimaye, bila kumtazama.

"Kona ya chini. Unakanyaga breki mapema."

"Si mapema."

"Mapema, baba. Unaogopa. Mwenzio haogopi."

Kijana akasimama. "Nionyeshe."

Wakashuka kwa miguu hadi kwenye kona hiyo, mwandaaji akibwata kwenye kipaza sauti kwamba uwanja umefungwa na watu watoke. Hawakugeuka.