Bibi Yangu na Mtoto wa Tova

Bibi yangu Erenburga ni mchemsha chumvi. Bahari ikikupwa anakwangua mchanga wa ghuba, anauchuja kwa maji, kisha yale maji makali anayainjika kwenye sufuria pana za madini ya risasi mpaka yakauke na kubaki chumvi nyeupe. Mikono yake imepasukapasuka. Meno ya mbele hana. Anapenda jibini iliyoanza kunuka, na ukimwuliza ana umri gani atakujibu, "Umri wa kuachwa nipumzike."

Kwaresima hii hawakumwacha apumzike.

Mimi nasoma kwa masista, nyumbani huja Jumamosi. Jumamosi moja nilikuwa nachochea moto nikamwona Fulko, karani wa askofu, anakuja juu ya nyumbu. Aliposhuka mguu wake ukazama kwenye matope, akatamka neno ambalo masista hawajanifundisha.

"Ingia, kijana," Bibi akamwambia. "Au umekuja nikutie chumvi usioze?"

"Bibi, nimekuja kwa jambo zito."

"Basi kaa. Mambo mazito hayasimami."

Lile jambo tulikuwa tumeshalisikia, maana nchi nzima ilikuwa haizungumzii jambo jingine. Bwana wetu Turstin, mtawala wa huku kote kuanzia mtoni hadi msituni, ameoa mara mbili. Mke wa kwanza alimwoa kwa ndoa ya mababu, wale waliokuja na merikebu kutoka kaskazini: watu wakala, wakanywa, wakaimba, padri hakuitwa. Akamwacha hivyohivyo, bila padri. Wa pili, Bi Odelina, alimwoa mlangoni pa kanisa, na mke wa namna hiyo haachiki. Wamezaa mabinti wawili, mwana hawana. Sasa ng'ambo ya mto yupo mjane kijana mwenye ngome tatu, na ghafla Bwana Turstin amekuwa mcha Mungu. Anasema hapati usingizi, huenda yeye na mkewe ni ndugu wa damu, na kanisa linakataza ndugu kuoana. Ndiyo maana makarani wametumwa kuufukua ukoo wake wote, nani alimwoa nani na nani alizaa na nani.

"Nimeambiwa," akasema Fulko, "kwamba ulikuwa mtumishi wa Tova."

Bibi akaacha kukoroga. Sijawahi kumwona akiacha kukoroga, kwa sababu chumvi ikishika chini imeharibika.

Tova alikuwa mke wa ndoa ya mababu wa Bwana Herfast, babu yake Turstin. Herfast alipotaka mke wa kanisani, mwenye mashamba, Tova aliondolewa ngomeni na kuozwa harakaharaka kwa askari mmoja wa Bretoni, nchi ya jirani. Huko akazaa binti. Binti huyo akakua, akaolewa, akamzaa Bi Odelina.

Fulko akakunja mkono wa joho lake, akanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyeuliza. Labda uso wangu ulikuwa umeuliza. "Tazama, binti. Kichwa changu ndiye Herfast. Begani ni watoto wake. Kwenye kiwiko ni wajukuu. Kifundo cha mkono, vitukuu. Halafu unashuka vidoleni, pingili kwa pingili, mpaka ukucha, ambao ni kizazi cha saba. Ndugu wanakatazwa kuoana mpaka huko kwenye ukucha. Sasa kama yule mtoto wa Tova baba yake ni Herfast, Turstin na Odelina wako wapi?"

"Kwenye kiwiko," nikasema.

"Kiwiko! Wajukuu wa babu mmoja!"

"Mimi kucha zangu zimeliwa na chumvi," akasema Bibi. "Sijui nihesabie wapi."

Fulko hakucheka. Akasema kwamba Ijumaa Bibi aje kanisani, aapishwe kwenye mabaki ya mtakatifu, aseme mtoto yule alikuwa wa nani. Akapanda nyumbu wake, kisha akakumbuka jambo. "Bwana Turstin anakusalimu. Anasema sufuria hizi ni mali yake, na anatumaini utaendelea kuzitumia."

Alipotoweka nikamrukia Bibi kwa maswali. Mwanzo alininyamazisha. Kisha akakaa juu ya gunia na kusema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu ila ndege.

"Yule askari aliwaambia watu mtoto amezaliwa njiti, wa miezi saba tangu harusi. Mkunga alichelewa, mimi ndiye niliyemdaka. Mnono kama ndama! Kucha zimepita ncha za vidole. Wa miezi saba, yule? Tova akanitazama, nami nikamtazama. Nikamwosha mtoto, nikafunga mdomo."

"Kwa hiyo ni ndugu kweli!"

"Wewe, punguza sauti."

"Na siku ya harusi ya Bi Odelina? Padri si aliuliza mwenye pingamizi?"

"Aliuliza. Nilikuwa nimesimama palepale na kikapu changu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ungesema?"

Nikapiga hesabu ya Ijumaa. Akisema, Bi Odelina atafukuzwa kama alivyofukuzwa bibi yake, na wale watoto wawili wataitwa jina ambalo hakuna msichana anayeolewa nalo. Akidanganya juu ya mifupa ya mtakatifu, mkono utakauka. Sote tunamjua mtu wa kijiji cha juu aliyeapa uongo kwa ajili ya ng'ombe. Mkono wake leo unaning'inia kama soksi.

Wiki ile niliwaomba masista ruhusa, nikabaki nyumbani. Bibi hakula. Aliunguza chumvi mara mbili. Usiku nilimsikia akinong'ona, mara "ndiyo," mara "hapana," kana kwamba anaonja maneno apate lisilo chungu. Jirani yetu Aubree, ambaye hajui kunyamaza, akaja kutoa ushauri bila kuombwa.

"Sema ndiyo, dada, upewe sufuria mpya."

"Na wale watoto?"

"Basi sema hapana."

"Na mkono wangu?"

"Basi ugua! Lala kitandani, uharishe, watakuacha."

"Watanibeba na kitanda," akasema Bibi.

Ijumaa kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama juu ya makaburi nje. Bwana Turstin alikaa mbele, miguu ameinyoosha, kama mtu anayengoja chakula ambacho ameshakinusa. Bi Odelina alikaa upande wa pili na mabinti zake. Yule mdogo akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Mama, ni yule bibi atakayesema?" Mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja.

Bibi aliuweka mkono juu ya sanduku la mtakatifu, akauacha pale, nami nikawa nautazama kama maziwa yaliyo motoni.

"Erenburga," akasema askofu, mzee mwenye mafua, "mtoto wa Tova alikuwa wa nani?"

"Baba Askofu, alipozaliwa nilikuwepo. Mimba ilipotungwa sikuwepo. Kile kitanda kilikuwa kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Hata askofu alijifanya kukohoa. Turstin akaikunja miguu.

Fulko akasogea. Huyu si mjinga. "Bibi, hatuulizi kitanda. Mtoto alizaliwa ametimia, au hajatimia?"

Kicheko kikakatika. Nikamwona Bi Odelina akifumba macho. Nikakumbuka ndama, nikakumbuka kucha, na nikaogopa kwamba wote wanasikia ninachokumbuka.

Bibi akautazama mkono wake juu ya sanduku. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikuwa msichana. Huyo alikuwa mtoto wa kwanza kumshika tangu nizaliwe. Ningemlinganisha na nani?"

"Lakini unaamini—"

"Kiapo ni cha aliyeona, Fulko, si cha anayeamini," askofu akamkatiza, akapenga kamasi. "Nani mwingine alikuwepo? Hayupo? Basi undugu haukuthibitika. Ndoa ni ndoa."

Bi Odelina aliwashika watoto wake mikono, akatoka upesi kwa mlango wa pembeni. Hakumtazama Bibi hata mara moja. Turstin alimtazama, tena kwa muda mrefu.

Jumatatu watumishi wake walikuja kuchukua sufuria. Bibi sasa anachemshia kwenye sufuria moja ya Aubree, na lazima asikilize ushauri wake kutwa nzima. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni Pasaka. Kabla ya komunyo lazima mtu aungame, na yeye hajui aungame nini. Kila neno alilosema kanisani lilikuwa kweli, anasema, na bado hapati usingizi.

Nilimwuliza Sista Hersende: mtu akiulizwa, akajibu kweli lakini si yote, amesema uongo?

"Nani huyo?"

"Mfano tu, Sista."

Akanitazama mpaka masikio yakapata moto. "Mwambie mfano wako akaungame."

Lakini kwa nani? Padri wetu hula mezani kwa Turstin. Inasemekana siri ya ungamo haitoki, ila Bibi anasema amewaona mapadri wakilewa. Na makarani hawajapumzika. Sasa wanafukua upande wa mama yake Turstin, wanawaita wazee wa huko mmoja mmoja.

Kwa hiyo kesho, bahari ikikupwa, tutavuka mchanga kwenda kwa watawa wa kisiwani, ambao hawali mkate wa mtu. Njia hiyo imeshameza watu, maji hurudi kwa kasi kuliko farasi. Bibi anasema ameamua kusema yote, kuanzia ndama mpaka kikapu. Mimi nitamshika mkono. Namwomba Mungu atupitishe salama, na mtawa atakayemsikiliza awe mzee sana, asiyetoka nje, na ikiwezekana awe kiziwi kidogo.