Neno Lililomponyoka Kasisi Cephas Siku ya Pasaka

Kasisi Cephas Ouko alikuwa akijigamba kwamba mwaka wa kanisa haumpigi chenga. Miaka ishirini na sita ya kuhubiri, kumi na mmoja kati ya hiyo katika parishi hii ya karibu na Masara! Ukimwamsha usingizini angekuambia ni Jumapili ya ngapi baada ya Utatu, na kitambaa cha madhabahu kiwe rangi gani. Mahubiri aliyaandika kwenye madaftari ya shule, moja la Majilio, moja la Kwaresima, moja nene la Pasaka, na akishamaliza miaka mitatu anarudia yale yale bila haya. Waumini hawakugundua. Aliyegundua ni mkewe Jerusha, ambaye angemwambia njiani wakirudi nyumbani, "Baba Austine, hiyo ya leo hata mimi ningeihubiri." Wakacheka mpaka langoni.

Nyumbani waliongea Kiswahili, maana yeye ni Mjaluo wa Lambwe na Jerusha ni Mkuria, binti wa mzee Magige wa kule mpakani. Ibada nayo ilikuwa ya Kiswahili, kwa kuwa wachimba dhahabu wa Masara wanatoka kila pembe. Kiswahili chenyewe walijifunzia ukubwani, lakini kiliwatosha kuombea na kupendania.

Sasa mwaka jana, wiki ya kwanza ya Majilio, shimo moja la dhahabu likaporomoka. Austine, kifungua mimba wao, alikuwa na cheti cha ualimu na hana shule ya kufundisha, akaona badala ya kukaa bure ateremke na wenzake. Wenzake watatu walitolewa, wawili wazima. Yeye hakuonekana. Tingatinga lilichimba siku tisa, kisha kuta zikaanza kuwaangukia watafutaji, na afisa mmoja akaja na karatasi: wazazi wakubali shimo lifunikwe, pahali pale pawe ndipo kaburi. Cephas aliwatazama vijana wa watu waliokuwa mle chini wakimtafutia mtoto wake, akatia sahihi. Akaombwa aombe, akaomba. Jerusha alisimama kando na hakuitikia amina.

Kesho yake asubuhi akamwambia mumewe anachotaka. "Nipatie yago."

Yago ni tunda la mti wa porini, refu kama mkono wa mtu, gumu, zito. Kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunda hilo huvishwa, likalazwa jenezani, likazikwa nyumbani kwake kana kwamba ni yeye, ili watu wake wapate pa kulilia.

"Mama Austine, wewe ni Mkuria," Cephas akasema. "Hii hata si ya kwenu."

"Nimefuata za kwenu zote miaka ishirini na saba. Hata zile za kipuuzi nimefuata. Hii moja ndiyo naitaka, na hii moja ndiyo unaninyima?"

Alimnyima. Jamani, angefanyaje? Ni yeye aliyesimama mimbarini miaka miwili nyuma, Jacktone mume wa Phelesia, muumini wake, alipozama ziwani karibu na Rusinga na mwili usipatikane, akatangaza kwamba kanisa huzika watu, halizunguki likizika matunda. Mazishi yale hakukanyaga. Phelesia aliendelea kuja kanisani, benchi la tatu, na hakumsema vibaya kwa mtu. Leo ageuke kwa sababu msiba umekuwa wake? Watu wangesema nini? Hicho ndicho kilichomkaba, wala si Mungu, ni watu, na yeye mwenyewe alijua, na kujua kwenyewe kukamwuma zaidi.

Basi mwaka wa kanisa ukamkokota. Majilio akahubiri kungoja. Krismasi akahubiri habari za mtoto tuliyepewa, akafika katikati akaruka kurasa mbili. Jumatano ya Majivu watu walipanga foleni, akawachora msalaba wa majivu kwenye paji la uso mmoja mmoja, akiwakumbusha kwamba wao ni udongo. Ikafika zamu ya Jerusha. Kidole kikagusa paji lile analolijua, mdomo ukagoma.

"Sema tu," Jerusha akanong'ona. "Wangu ashakuwa udongo, na hata sijui ni upi."

Akageukia aliyefuata kwenye foleni. Kwaresima yote hawakucheka njiani. Jerusha alipika, akafua kanzu, akaitikia salamu, basi. Kila alasiri alikwenda Masara kuketi kando ya waya uliozungushiwa lile shimo, mpaka walinzi wakazoea kumwekea kiti.

Pasaka ikafika. Kanisa limejaa pomoni, madhabahu yamevishwa nyeupe, wachimbaji wamepiga pasi mashati. Desturi ni kwamba mhubiri hutangaza Kristo amefufuka, na watu humjibu kwa nguvu kwamba amefufuka kweli kweli. Kasisi Cephas akainua mikono, akavuta pumzi, akapaaza sauti:

"Kristo amefukuliwa!"

Masikio yake hayakusikia kosa. Lilikuwa neno lililolala na kuamka mdomoni mwake tangu Desemba: wafukue, wamefukua wapi, atafukuliwa lini. Waliozaliwa ndani ya Kiswahili kanisani mle hawafiki watano, na hao walishtuka wakanyamaza. Wengine wote, kwa mazoea, waliitikia kama walivyoitwa, mabati yakatetemeka:

"Amefukuliwa kweli kweli!"

Hapo ndipo alipolisikia. Lo! Akashika ukingo wa mimbari. Akamtafuta Jerusha kwa macho, akamwona kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika, na kwa nukta moja akadhani anacheka kama zamani. Hakuwa akicheka.

"Ame..." Cephas akajaribu kurekebisha. "Ame..." Kisha mbele ya parishi nzima, siku ya furaha kuliko zote alizowahi kuhubiri, akaketi kwenye ngazi ya mimbari akaangua kilio. "Hajafukuliwa," akasema. "Wangu hajafukuliwa. Nilitia sahihi wamwache."

Aliyetoka benchini ni Phelesia. Hakumpoza, hakumhubiria. Alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Pasta, mpe huyu mama kaburi."

"Ni mimi niliyekukataza wewe."

"Ulinikataza, nikazika. Mimi ninapo pahali pa kung'oa magugu. Yeye hana."

Alhamisi iliyofuata wakazika. Mkubwa wa Cephas kanisani alipiga simu kusema ibada isisomwe juu ya tunda, na Cephas hakubishana, maana angebishanaje na maneno yake mwenyewe? Akaiacha kanzu kabatini, akavaa shati la kawaida kama baba yeyote aliyefiwa. Ndugu zake walileta yago kutoka Lambwe. Jerusha akasema atalivisha yeye, mtu asimsaidie. Alilivisha shati ambalo Austine alijinunulia la kufundishia, ambalo halikuwahi kuingia darasani, akalizungushia shuka. Halafu badala ya kulilaza jenezani, akaketi chini nalo mapajani.

"Ni mzito kuliko alivyozaliwa," akasema.

Cephas akapiga magoti mbele yake. Miaka ishirini na sita ya maneno, na halikuja hata moja. Akanyoosha mikono miwili ampokee. Jerusha akamtazama, yule mtu aliyetia sahihi, ndipo akampa.

"Mshike vizuri," akamwambia. "Usimwache tena."