Siku Meneja Alipolala Kwenye Machela

Miaka ya hamsini nilikuwa mkunga wa zahanati katika shamba moja la mkonge, mbele ya Pongwe ukitoka Tanga mjini. Wazazi wangu walikuwa Walutheri wa milimani, Usambara, na ukunga niliusomea kwa wamisheni kabla sijashuka pwani kutafuta kazi. Zahanati yetu ilikuwa na vitanda sita na gari moja la kubebea wagonjwa. Uzazi ukiwa mgumu, tulimlaza mama kwenye machela ndani ya gari hilo, mimi nikakaa ubavuni pake kwenye kibao, tukaenda naye hospitali mjini.

Gari lile lilikuwa adhabu. Likiingia shimoni, halikuruka mara moja likatulia. Liliendelea kupanda na kushuka kama kitanda cha kamba kilicholegea, na kabla halijatulia linakuta shimo lingine. Mama mwenye uchungu alishika vyuma vya machela kwa mikono miwili, nami nikamshika yeye. Masika moja tulizalisha njiani, kabla hatujaifikia Pongwe. Mtoto alitoka salama, na mama pia, lakini alipopata nguvu alikwenda na mumewe kwa meneja wa shamba kushtaki kwamba dereva anaendesha kama mtu anayekimbizwa.

Dereva alikuwa Mbondei wa Muheza, mtu mzima mwenye wajukuu, mpole wa maneno na wa mikono. Meneja, Mzungu aliyekaa nchini miaka mingi, alimwita akamwambia apunguze mwendo. Akapunguza. Malalamiko yakaja tena. Mara hii akaambiwa kwamba mwezi ukiisha atatafutwa dereva mwingine.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya zahanati, kofia iko magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekaa nyuma kila safari. Niambie kweli. Mimi nakimbiza gari?"

"Hukimbizi. Juzi mtu wa baiskeli alitupita."

"Basi hilo la baiskeli ungelimwambia meneja."

Safari iliyofuata, tulipokwisha kumkabidhi mgonjwa hospitali, nilimwomba tupite Chumbageni kwenye gereji moja aliyoijua. Mwenye gereji alikuwa mtu wa asili ya Omani. Nduguze walikuwa na maduka na mashamba ya minazi, lakini yeye alipenda vyuma tangu utoto, wakamwachia vyuma vyake. Alitupa kahawa kwanza, kisha akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nilidhani atafungua boneti. Hakuigusa. Alikwenda pembe ya nyuma ya gari, akaweka viganja viwili juu ya gurudumu, akabonyeza bodi kwa uzito wake wote, akaachia ghafla. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena.

"Moja," alihesabu. "Mbili. Tatu. Nne, na bado."

Akafanya hivyo upande wa pili, yakawa yale yale. Akaja mbele, akabonyeza. Pua ya gari ilipanda mara moja, ikakaa.

"Mbele kuko sawa," alisema. "Nyuma kumekufa."

"Kumekufa nini?" dereva aliuliza. "Springi za nyuma tumebadilisha mwaka huu huu."

"Springi haina kosa, mzee wangu. Springi kazi yake kubeba na kurusha. Wa kuituliza ni huyu hapa. Inameni."

Tukainama. Alituonyesha chuma kama bomba, nene kiasi cha mkono wa mtoto, kimesimama karibu na springi. Kilikuwa kimelowa mafuta, na udongo mwekundu umegandia juu yake.

"Hii ndiyo shokapu. Ndani mna mafuta, na hayo mafuta ndiyo yanayoizuia springi isicheze ngoma. Yakivuja, umebaki na bomba tupu."

Akachukua spana, akaifungua, akaifuta kwa tambara, akanipa mimi. "Ivute." Niliivuta, ikaja bila ubishi wowote, kama droo ya meza. Nikaisukuma, ikarudi vivyo hivyo. Kisha akaleta mpya kutoka rafuni. Hiyo niliivuta kwa mikono miwili, ikaja polepole, inanibishia njia nzima, na kuirudisha ndani niliiegemea kwa kifua. Nilisikia furaha ambayo sikuitarajia. Kazi yangu yote ilikuwa kutafuta kwa viganja mambo ambayo macho hayayaoni, mtoto amelalaje, kichwa kiko wapi. Kumbe gari nalo hupimwa hivyo hivyo.

"Niweke mpya, au nirudishe hii?" fundi aliuliza.

"Rudisha. Sina ruhusa ya meneja."

"Basi ukifika usimweleze maneno mengi, binti. Mwambie abonyeze mwenyewe."

Kesho yake ilikuwa siku ya kupima watoto uzito, na uwanja wa zahanati ulijaa akina mama. Meneja alikuja na gari lake, kwa kuwa nilikuwa nimempelekea ujumbe. Nilipomweleza shida ni nini, alitabasamu.

"Siku hizi mkunga amekuwa makanika?"

Akina mama wakacheka. Mimi nikamwomba abonyeze pembe ya nyuma, kisha aachie. Alibonyeza. Gari likanesa, likanesa.

"Magari yote ndivyo yalivyo," alisema.

"Naomba ruhusa nibonyeze la kwako, bwana."

Aliniruhusu kwa mkono. Nililiendea gari lake, nikalilalia pembeni kwa uzito wangu wote, nikaachia. Lilipanda mara moja tu, likakaa kimya. Kicheko cha akina mama kikakatika. Lakini meneja hakuwa mtu wa kukubali upesi mbele za watu.

"Kunesa kidogo si sababu ya mgonjwa kulia. Dereva apunguze mwendo."

Nikasema hata hivyo. "Basi lala kwenye machela, bwana. Twende Pongwe na kurudi. Dereva aendeshe kama siku zote, halafu wewe ndiye useme."

Dereva aliangalia chini. Nilijua kazi yangu nayo iko mashakani. Meneja akavua kofia, akapanda. Haki yake nimpe, angeweza kukataa. Alilala chali, viatu vyake vimezidi ncha ya machela.

Tuliondoka taratibu. Korongo la kwanza alishika vyuma. La pili kichwa chake kiligonga ubao. Tulipoingia pale ambapo barabara ilifanya mistari kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, aligeuka ubavu, akageuka tena.

"Mwambie apunguze!"

"Ameshapunguza, bwana. Inua kichwa uone."

Akajiinua, akachungulia dirishani. Sambamba nasi alikuwa anatembea mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, na hatukuwa tumempita. Meneja alimwangalia mwanamke yule, naye mwanamke akamwangalia.

"Geuza," alisema.

Hatukufika Pongwe. Uwanjani alishuka kwa uangalifu, mkono mmoja umeshika kiuno, akamwendea dereva mbele ya watu wote.

"Kosa si lako. Endelea na kazi yako." Kisha akanigeukia mimi. "Huyo fundi wa Chumbageni, gereji yake iko wapi?"

Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Dereva alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Mimi nilirudi kwenye mizani na kumpima mtoto aliyefuata, na kwa furaha ikabidi nisome mizani mara mbili.

Wiki ile ile shokapu mpya zikafungwa. Mgonjwa wa kwanza kuzipanda alikuwa mama wa Kidigo mwenye uzazi wa kwanza, na tulipopita kwenye mistari ile alikuwa amesinzia kati ya uchungu na uchungu. Alijifungulia kitandani hospitali, mtoto wa kike. Baadaye meneja akaamuru kila gari la shamba libonyezwe pembe zote nne kila mwezi, akatupa kazi hiyo mimi na dereva. Madereva wa malori ya mkonge walianza kuja wenyewe kabla ya zamu yao. "Mkunga, njoo unipimie," waliniita, nami nilitoka na aproni yangu nyeupe, nikalilalia lori, nikahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie.