Mtihani Niliouweka Saa ya Maji

Ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo siisahau, mwanangu, maana ndiyo asubuhi niliyoumbuka mbele ya kijiji kizima nikiwa na spana mkononi. Jana umenipigia simu kuniambia umekabidhiwa kazi ya kuchagua watu wa kujifunza ufundi wa pampu za umeme wa jua. Nimefurahi mpaka nimewatangazia majirani wote hapa Nkuhungu, hata wale ambao hawakuuliza. Sasa tulia, nikusimulie nilivyoiharibu kazi ya namna hiyo nilipokuwa na umri kama wako.

Nilikuwa fundi mpya wa maji, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Nilitumwa kijiji kimoja upande wa Chemba kufundisha watu wanane kutengeneza pampu ya mkono, pampu pekee waliyokuwa nayo. Nikatangaza mtihani wa kuandika, saa mbili asubuhi, shuleni. Walikuja wavulana watupu. Sikujiuliza kina mama wako wapi, wakati njiani nilikuwa nimewapita wamepanga foleni na ndoo zao palepale kwenye pampu.

Mtihani ulipokwisha akaja mmoja, Mama Salome, mjane wa makamo, ndoo ingali kichwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, maana nyumbani walizungumza Kisandawe. Akasema anataka kujifunza pampu. Nikamuuliza kama anajua kusoma. Akasema hajui.

"Basi mama, nafasi zimejaa," nikamwambia. "Hii kazi ni ya watu wa kusoma. Wewe nenda kapumzike."

Mwanangu, nafasi zilikuwa hazijajaa. Zilibaki mbili. Nakuambia hili kwa aibu, na sijawahi kumwambia mtu mwingine.

Wale vijana sita nikawafundisha kwa ubao na chaki, wakachora pampu vizuri sana, nikarudi mjini najiona bingwa. Kabla mwaka haujaisha, wote walikuwa wameondoka kutafuta kazi za ujenzi mjini. Siwalaumu, cheti nilichowapa ndicho kilichowafungulia njia. Pampu ilipokufa katikati ya kiangazi, hapakuwa na hata mmoja wa kuifungua.

Wakaniita, na nilipofika nilikuta kina mama wanafukua mchanga wa korongo, maji yenyewe ya rangi ya chai ya maziwa. Mjukuu wa Mama Salome alikuwa ameharisha siku tatu, amelegea mgongoni kwa bibi yake. Niliogopa, mwanangu. Tukavuta vyuma vyote kutoka kisimani, nikaona tatizo: kikombe cha ngozi, kile kinachobana na kupandisha maji ndani ya bomba, kimelika chote. Nami sikuja na kingine. Kukifuata mjini na kurudi, kwa usafiri wa wakati ule, ni siku nne.

Nikasimama pale na spana yangu, kijiji kizima kikinitazama. Ndipo Mama Salome akasogea, akakiokota kile kikombe kilicholika, akakigeuza geuza.

"Shikamoo mama," nikasema, maana nilikuwa nimeanza kupata adabu.

"Marahaba. Huyu pampu anaumwa zamani. Mvua ilipoisha, tunasukuma mara kumi ndiyo maji yanakuja. Kwanza ilikuwa mara mbili. Sisi tunajua. Nani alituuliza?"

Nikaiweka spana chini.

"Ile siku ya mtihani nilikuja. Ukasema sijui kusoma. Kweli, sijui. Lakini ngozi naijua. Wewe ngozi unaijua?"

"Siijui, mama."

"Basi kaa chini, nikufundishe."

Watu walicheka, na mimi nikakaa chini kweli, shati langu lililonyooshwa likaingia vumbi. Akaleta ngozi ya ng'ombe aliyoilainisha mwenyewe kwa mafuta, akaikata kwa kufuatisha kile cha zamani, akaikunja kwenye mdomo wa kinu mpaka ikashika umbo. Alikataa ya kwanza, akasema ni laini mno. Akakata ya pili. Jioni, jua bado lipo, tulirudisha vyuma kisimani, na maji yakaja kwa kusukuma mara tatu. Mtoto yule akapona. Leo ni mwalimu, ana watoto wake.

Mafunzo yaliyofuata niliyaweka mchana, foleni ikishaisha, palepale kwenye pampu, bila ubao. Mama Salome akawa wa kwanza kuandikishwa. Nikamchukua pia mshona viatu mmoja asiyeweza kutembea, ambaye mwanzo nilimwona hafai hata bila kumwuliza. Hawa hawakwenda popote. Pampu ile haikulala tena hata wiki moja, na vijiji jirani vikaanza kumfuata Mama Salome badala ya kunifuata mimi. Wageni wakubwa wakija, ananitambulisha: "Huyu mwanafunzi wangu." Nilistaafu na vyeti vingi, viko kabatini, lakini utambulisho ule ndio ninaojisifia mpaka mama yako ananiambia basi sasa.

Kwa hiyo, mwanangu, hebu ulirudie tangazo lako. Umeniambia unataka vijana waliomaliza kidato cha nne, waje ofisini asubuhi. Nenda kwanza ukaulize nani anakitumia kisima cha hapo kila siku, na saa ngapi ana nafasi. Mpe kifaa mkononi umtazame anavyokishika, kabla hujampa karatasi. Asiyesoma atafundishwa kusoma huku kazi inaendelea. Asiyetembea, mpelekee somo alipo. Na akija mtu umechoka, nafasi zimebaki, usimwambie zimejaa.

Nakuona ulivyo hodari, nami natembea kifua mbele kwa ajili yako. Mungu aibariki mikono yako na mdomo wako. Akupe wanafunzi watakaokupita, nawe uwe hai uwaone. Amina.