Waliokuja Kuniomba Radhi

Kwamba nina saratani ya ini sikuambiwa na daktari. Niliambiwa na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tulikuwa hatusemezani tangu mazishi yake. Aliingia uani ninapepeta mchele, akapiga magoti, akanishika miguu.

"Wifi, nakuomba radhi."

"Ya nini? Umeua?"

Akalia. Akasema ule mpaka wa shamba aliusogeza yeye, mikarafuu yangu miwili ikawa upande wake. Nikamwambia haya, nimekusamehe, nyanyuka, mchele unamwagika. Hakunyanyuka. Kwetu mtu haombwi radhi kwa kushikwa miguu ila anapokufa. Nikaweka ungo chini.

"Kwani mimi nakwenda wapi?"

Akajifunika uso kwa mtandio.

Nikamwita mwanangu. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kwa maumivu ya ubavu. Daktari alinipaka ule utelezi wa baridi, akatazama picha, kisha akamwita yeye nje, mimi nikabaki nafuta tumbo. Aliporudi alisema ni vidonda vya tumbo tu.

"Lile ini la nani?" nilimuuliza. "Lako?"

"Mama, tulitaka usivunjike moyo."

"Mtambile nzima inajua, mimi ndiye wa kuvunjika moyo!"

Wakaja wengine, na juisi, na Yasini, wote wananitazama tumbo. Mmoja akauliza cherehani nitamwachia nani. Nikamwonyesha mlango.

Tukaenda Unguja kwa picha kubwa, ile ya kutiwa dawa mshipani, kisha wakachoma sindano wakatoa kinyama cha ini wakakipime. Siku ya majibu daktari, binti mdogo tu, alimwashiria mwanangu watoke. Nikamwambia, "Kaa hapohapo. Sema na mwenye ini."

Akakaa. "Bibi, si saratani. Ni uvimbe wa nadra, mafuta na mishipa ya damu, na hauli mwili. Kwenye picha unafanana na saratani. Hata sisi hatukuwa na hakika mpaka tulipokipima kinyama."

"Mtaukata?"

"Hapana. Tutakuwa tunaupiga picha tu, tuone kama unakua."

Daktari wa kwanza simlaumu kwa picha. Mwanangu amekiri kuwa yule alisema "huenda". Hiyo "huenda" ndiyo aliyoiangusha njiani, akafika nyumbani na saratani kavu. Ninalomlaumu ni kunipita mimi kitandani akaenda kusema na mwanaume mlangoni. Hasira zilinijaa hata alhamdulillahi nikaja kuisema bandarini.

Msimu wa karafuu ulipofika nilikwenda shamba. Wachumaji wa wifi walikuwa juu ya mikarafuu yangu, mwenyewe yuko chini na pakacha. Aliponiona akasimama kama kaona maiti.

"Wifi, si ulinisamehe?"

"Nimekusamehe, na sirudi nyuma. Mikarafuu sikukupa. Waambie washuke."