Kasala Iliyosafishwa Kelele

Enzi zetu, kule Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba mjini Likasi, hakuna aliyeomba kimya ili asikie muziki. Kimya kilitutia hofu. King'ora cha kiwanda kikichelewa, mama zetu walitoka nje kutazama kama moshi bado unapanda, maana kiwanda kikinyamaza, sufuria nayo hunyamaza. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, huku treni ya shaba ikitikisa vikombe na mhubiri wa barabara ya pili akimfokea shetani kwa megafoni. Vijana wa leo hujiziba masikio kwa vidude, mama akiita hawasikii, halafu wanalalamika eti mji una kelele.

Jirani yetu Papa Mulumba alifanya kazi kiwandani. Jioni alikaa mbele ya mlango na likembe lake, kile kisanduku cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, akaimba kasala, sifa za watu kwa desturi ya kwao Kasai. Hakuirudia ileile hata mara moja. Aliitunga papo hapo kwa yeyote aliyepita: akamtaja jina, babu yake, mto wa kwao, hata ubahili wake. Na sheria ilikuwa hii: ukiitwa, unaitika. Kwa sauti, au kwa kugonga chochote ulichoshika. Mama yake, Nkambo Kapinga, bibi wa mtaa mzima, aligonga beseni kwa kijiko na kujibu, "Minye huyu! Nani mwingine?" yaani ni mimi hapa. Mimi si mtu wa Kasai, lakini niliitwa, nikaitika. Hayo ndiyo masomo niliyoyamaliza. Ya shule niliyaacha walimu walipoacha kulipwa.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa Likasi, waliambiwa Likasi si kwao. Wasinidanganye kwamba waliowafukuza walitoka mbali. Wengine walikuwa wa barabara yetu. Nilijua hata majina ya mbwa wao. Papa Mulumba, mama yake, na binti yake Ntumba aliyekuwa rika langu, wakahamia kituoni pamoja na familia chungu nzima, wakilala nje na kungoja treni ya kwenda Kasai. Nkambo alikuwa na homa. Ntumba akanivuta pembeni.

"Nkambo hatafika kule. Lete ile radio ya yaya yako, tushike sauti yake mbele treni ifike."

Radio-kaseti ya yaya, kaka yangu, ilikuwa na betri zilizokufa. Nikazianika juu ya bati, kama kila nyumba ilivyofanya, zikapata uhai kidogo. Kaseti ilikuwa ya mahubiri. Nikaziba vitundu vyake vya kuzuia kurekodi kwa karatasi niliyoitafuna, tukarekodi juu ya mhubiri.

Mchana ule kituo kilikuwa soko, kanisa na hospitali kwa pamoja. Watoto walilia, masufuria yaligongana, watu waligombania kivuli. Papa Mulumba alipoanza kupiga, mimi, fundi mkubwa wa radio, nikasimama juu ya sanduku nikapiga kelele: "Munyamaze! Tunarekodi!"

Akaacha kupiga, akacheka.

"Weye mutoto, unataka nani anyamaze? Nikiita muntu na haitike, ile haiko kasala. Ile ni matanga."

Akaendelea. Aliita familia moja baada ya nyingine, nao wakaitika, wengine kwa vifuniko vya sufuria, wengine kwa kupiga makofi. Kichanga kilipolia, akakiingiza katika wimbo kama chifu. Treni ikapiga honi, naye akasema, "Huyu sikumuita, na anajibu!" Hata waliokuwa wakilia walicheka. Kisha akamwita mama yake. Kapinga! Kimya. Akamwita tena. Ndipo tukasikia kijiko kwenye beseni, polepole, na sauti nyembamba: "Minye huyu. Nani mwingine?"

Betri zikaishia hapo.

Nkambo alizikwa kando ya reli, njiani. Na Shituru, baada ya treni ile, ikapata kimya. Wapo waliofurahi, wakisema sasa pamekuwa pasafi.

Nimehangaika sana tangu hapo, Kakanda, Kolwezi, mpaka ng'ambo ya mpaka, na kaseti ile haikutoka mfukoni mwangu. Mwaka huu Ntumba akanipigia simu kutoka Mbuji-Mayi. Amepata mjukuu, amempa jina la Kapinga, anataka mtoto akue akiijua ile sauti. Nikaipeleka kaseti mtaa wa Panda, kwa kijana mwenye kompyuta, aitie katika simu.

Akanikabidhi kazi yake huku akitabasamu, akiniita mzee kwa Kifaransa. "Vieux, nimetosha bruit yote. Iko propre!" Yaani kelele zote ameziondoa, imebaki safi.

Nikasikiliza. Likembe safi, sauti ya Papa Mulumba safi kama maji ya chujio. Anaita familia: kimya. Anaita nyingine: kimya. Anamwita mama yake mara mbili, hakuna kitu. Matanga.

"Nkambo iko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Ule wa kugonga beseni!"

"Ah, ile beseni? Vieux, ilikuwa inaharibu wimbo."

"Ile beseni ni muntu!" Nilifoka mpaka wateja wake wakatoka nje. Nani aliwafundisha watoto hawa kwamba watu ni uchafu wa kufuta? Halafu nikakumbuka kwamba somo hilo lilifundishwa mapema, hapahapa, na wakubwa zao.

Nilikaa kando yake mpaka akaianza upya bila kufuta sauti yoyote. Ntumba alipoipokea akanipigia. "Nimesikia hata weye pale kituoni, unapigia watu kelele eti banyamaze." Akacheka, na nyuma yake nikasikia mtoto akigonga kitu.

Enzi zetu, jina likitajwa mbele ya mlango wa Papa Mulumba, nusu ya mtaa iliitika. Juzi nimepita pale. Ukuta umepakwa rangi, uwanja umefagiliwa, vijana wamekaa na vidude masikioni. Nikasimama, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Kapinga!"

Mmoja akachomoa kidude, akaniangalia kwa huruma. "Vieux, unatafuta nani? Hapa hakuna mwenye jina ile."